Treni ya Mbao ya Minago

Shida yangu ilianza mwaka 1972, nikiwa na umri wa miaka ishirini na minne. Kabla ya hapo nilikuwa maskini tu, na umaskini si shida, mtu anauzoea kama anavyozoea kitanda kibovu. Shida ni ile asubuhi unayoamka Rumonge, unatoka nje na mswaki mdomoni, unakuta mtaa mzima umekwenda na kuku wao wanazurura barabarani.

Lakini siwezi kuanzia hapo. Nikianzia hapo mtaniuliza, na mna haki ya kuuliza, mtu mwenye mke mjamzito na mama mtu mzima, anayekimbia kifo, alikwenda kutafuta nini kwenye treni ya kuchezea ya mzungu. Nirudi kwanza nyuma miaka kumi, mwaka wa Uhuru.

Marehemu baba yangu alikuwa fundi wa mitumbwi. Sisemi ile ya kuchonga gogo. Ya mbao, inayobeba nyavu na wavuvi na samaki wao. Wazee wake walitoka ng'ambo, upande wa Kongo, wakaja Rumonge enzi za Wabelgiji, na ufundi huo walikuja nao mikononi. Hakusoma hata siku moja. Mimi nilisoma miaka miwili, nikajua kuandika jina langu, nikaona inatosha. Na ilitosha.

Juu ya kilima kimoja karibu na Minago alikaa mzungu mwenye shamba la michikichi. Siku moja akamwita baba. Huko kwao aliwahi kuona, kwenye sikukuu, treni ya kuchezea: reli inapanda na kushuka kama mawimbi, watu wanakaa ndani ya behewa, wanaachiliwa kutoka juu, wanalia kama wanachinjwa, wanafika chini wanacheka. Alitaka ya kwake, kwa ajili ya watoto wake na wageni wa Jumapili, itoke kilimani ishuke mpaka karibu na ziwa ambako walikuwa wakioga. Yote ya mbao, maana mbao alikuwa nazo. Akamchorea baba kwa chaki kwenye sakafu ya baraza.

Baba hakuwa ameona treni ya namna yoyote. Kwetu Burundi haikuwepo. Aliyetaka kuiona ilimbidi aende Kigoma. Akaiangalia ile chaki, akasema ndiyo bwana, akaenda kuunda alichokijua. Reli zilitoka vizuri, kwa sababu mzungu alisimama pale mwenyewe na kamba ya kupimia. Lakini mabehewa! Baba aliyaunda mitumbwi. Mbele yamechongoka, ubavuni yamepinda, ndani yana mataruma ya kushika mbao. Na kila mwanya kati ya ubao na ubao aliukalafati, yaani alishindilia pamba iliyolowa mawese, akapaka lami juu yake.

Mzungu alipoyaona alishika kiuno.

"Mbona umeziba namna hii? Linakwenda kuogelea?"

"Bwana," baba akasema, "mimi siwezi kufunga ubao na ubao nikaacha mwanya. Mkono unakataa."

Mzungu alicheka, akaamuru yafungwe magurudumu hivyo hivyo. Habari ikafika Rumonge kabla ya baba mwenyewe. Wakampa jina: Nahodha wa Mlimani. Akipita ufukweni, wavuvi wanamwita kwa mbali, "Nahodha! Huko mlimani leo mawimbi iko namna gani?" Baba anaangalia chini, anatembea. Mimi nikitembea nyuma yake niliona shingo yake inavyokaza.

Kupanda ile treni sisi hatukuruhusiwa. Waliopanda walikuwa weupe, waliosukuma mabehewa kuyarudisha juu walikuwa weusi. Ndivyo ilivyokuwa na sioni haja ya kuipamba.

Halafu Uhuru ukaja. Watu wa Rumonge tulikwenda Usumbura, Bujumbura ya leo, kuona sherehe, tumejaa kwenye kamyo ya mfanyabiashara wa mawese, na siku ya pili tukawa tunarudi. Tulipopita Kabezi mtu mmoja akasema yule mzungu wa kilimani ameshaondoka, amekwenda kwao, treni iko pale peke yake. Basi ubishi ukaanza. Tupitie au tusipitie?

Dereva alikuwa wa kwanza kukataa. "Mimi sizunguki. Mafuta ya gari siyo maji ya ziwa, wapendwa."

"Kizee kama mimi nipande kilima chote kile, na goti hili?" akasema mzee mmoja muuza tumbaku. "Nikaone nini? Mbao? Mbao hata kitanda changu kinazo."

Mwanamke mmoja muuza ndagala, dagaa wa ziwani, akamjibu, "Kitanda chako mzee wangu hakijapaa siku nyingi. Hii inapaa." Kamyo nzima ikacheka.

Baba alikuwa amekaa pembeni, kofia imeshuka usoni. Akasema, "Ni mchezo tu. Haina kazi. Twende nyumbani."

Hapo mama yangu akasimama, ndani ya gari linalotembea, amejishikilia kwenye bomba la turubai. "Mume wangu ameijenga miezi na miezi, mimi nalala peke yangu, na sijaiona hata kwa jicho moja. Juzi nchi ilikuwa ya wengine. Leo ni yetu. Naipanda."

Dereva akafunga breki. "Haya! Wanaotaka kuona upuuzi wanyooshe mkono."

Mikono yote ikanyooka. Wa mzee mwenye goti ulikuwa juu kuliko yote.

Kilimani tulikuta kimya. Ile treni ilikuwa kubwa kuliko nilivyowahi kuambiwa. Miguu yake ya mbao ilisimama bondeni kama msitu usio na majani, na reli zikapita juu yake zikipanda, zikishuka, mpaka unapoona maji. Hata mimi, mwana wa fundi, sikuamini kwamba kitu hicho kilitoka kwenye mikono niliyokuwa nikiipelekea chai.

Mama akaingia kwenye behewa la mbele, peke yake, na kanga mpya ya Uhuru mabegani. Baba akashika kamba. Akamwuliza, "Una hakika?" Mama akasema, "Achia."

Akaachia.

Mimi nimesikia wanawake wakizaa, nimesikia wakilia msibani. Sauti ile sijaisikia tena. Behewa lilishuka, likapanda nundu ya kwanza, kanga ikaruka ikabaki hewani, na kwenye nundu ya pili niliona kwa macho yangu magurudumu yakiachana na reli. Ulipita mwanga chini yake. Mtu mmoja aliita "Yezu!", mwingine "Allah!", kisha likarudi kwenye reli kwa kishindo, likaendelea mpaka chini.

Mama alipanda kilima kwa miguu. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Alimwendea baba moja kwa moja, akampiga kifuani kwa kiganja.

"Uliniambia unajenga. Hukuniambia unajenga jeneza!"

"Mama, mimi nilisema twende nyumbani," baba akasema.

"Wallahi, macho yangu hayataiona tena hii kitu mpaka nife."

Wengine wote waliipanda. Mzee mwenye goti alipanda mara mbili na kushuka amepoteza kofia. Na tuliporudi kwenye kamyo wakamwita baba Nahodha njia nzima, lakini sauti ilikuwa imegeuka. Sasa walikuwa wanaomba wakae karibu naye. Mama peke yake hakusema naye neno mpaka Rumonge. Miaka miwili baadaye baba alikufa kwa kifua, na treni ile hatukuitaja tena nyumbani.

Sasa narudi kwenye ile asubuhi ya 1972.

Usiku zilipigwa risasi upande wa soko, na moshi ulionekana mpaka kusini. Warundi mwaka ule wanauita ikiza, balaa, na sisi tunaoishi kando ya ziwa hatuna neno bora zaidi. Kuna watakaoniuliza nani alianza na nani aliua nani. Wakawaulize waliosimama. Mimi siku zile nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye nyasi, nikaona magurudumu ya magari na buti.

Nyumbani tulikuwa wanne: mimi, mama, mke wangu, na kaka wa mke wangu, shemeji yangu, aliyekuwa fundi cherehani. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minane. Miguu ilimvimba hata kandambili hazikumwingia. Mimi kazi yangu ilikuwa kubeba mawese kwa baiskeli kutoka Minago mpaka sokoni Rumonge, kwa hiyo njia zile nilizijua zote, za barabara na za migombani.

Nikakimbia ufukweni kutafuta mtumbwi. Ufuko wa Rumonge hukosi mitumbwi, ni kama kukosa mchanga. Asubuhi ile hapakuwa na hata mmoja. Waliokuwa nayo wameshavuka nayo, na miwili iliyobaki ilikuwa imechomwa, bado inafuka. Nilisimama pale mdomo wazi. Mwana wa fundi mitumbwi, na kwenye ziwa lote hilo sina ubao wa kukalia.

Nikarudi nikawaambia. Shemeji akasema, "Basi ni miguu. Tunashika barabara ya kusini, tunaingia Tanzania. Kila mtu anakwenda huko."

Mke wangu aliangalia miguu yake. Kusini mpaka mpakani ni siku mbili tatu hata kwa mtu mwenye afya.

Ndipo mama akasema, bila kuinua kichwa kutoka kwenye kifurushi alichokuwa anafunga: "Twende kwenye treni."

Nilidhani woga umemharibu akili. "Treni gani, mama?"

"Ya baba yako. Minago."

Shemeji aliruka kama kaumwa na siafu. "Mama mkwe! Minago ni kaskazini! Wanajeshi wanashuka kutoka kaskazini! Watu wanakimbia kifo, sisi tunakwenda kupanda bembea?"

"Nyamaza nimalize. Baba yake huyu hakuwahi kuunda gari maisha yake yote. Aliunda mitumbwi. Mzungu ndiye aliyeipa magurudumu."

Mimi nilihisi kama mtu amenipiga ubao wa kisogo. Miaka kumi nimelibeba lile jina la Nahodha wa Mlimani kama aibu, nikapigana na watoto wenzangu kwa ajili yake, na sikuwahi kuona kilichokuwa ndani yake. Na aliyekiona ni yeye, aliyeapa kwamba macho yake hayatakiona tena.

Lakini sikukubali mara moja. Siyo kitu cha kukubali mara moja. Nilisema, "Mama, wakati wake umepita. Mbao zimekaa juani miaka kumi. Mtumbwi ukikauka hivyo unapasuka viungo, ukiuingiza majini unajaa kama kikapu. Lazima kwanza unywe maji siku mbili tatu, mbao zivimbe. Hizo siku tutazitoa wapi?"

"Sijui," mama akasema. "Wewe mwambie mkeo atembee mpaka Tanzania."

Shemeji akanishika bega. "Ndugu yangu, usisikilize. Nipe baiskeli, nimpakie dada yangu nyuma, twende kusini sote."

"Nyuma ya baiskeli, na tumbo lile, kwenye mashimo yale?"

"Sasa unataka nini? Ufe kwa ajili ya kichezeo?"

Mke wangu ndiye aliyekata shauri. Alisema, "Kaka, chukua baiskeli. Mimi nakwenda na hawa. Tukipata mtumbwi tutakutangulia kufika." Akamcheka kidogo, kama mdogo anavyomcheka kaka yake. "Utatukuta tumeshapika."

Shemeji alipanda baiskeli yangu na cherehani imefungwa nyuma. Alipofika kona ya msikiti aligeuka akanipigia kelele, "Nahodha!" Nikamjibu kwa mkono. Hatukumwona tena. Hatukusikia aliyemwona. Mpaka leo.

Sisi tukapita mashambani, chini ya michikichi, mbali na barabara. Safari niliyokuwa naimaliza kwa baiskeli kabla ya jua kuwaka, ilituchukua siku mbili, maana mke wangu alitembea na kukaa, kutembea na kukaa. Mara mbili magari yalipita karibu. Tulilala kwenye nyasi na mama akamlalia mke wangu mgongoni kumfunika, mikono imetandazwa, kama kuku.

Tulipofika kilimani niliangalia juu nikadhani nimekosea kilima.

Treni haikuwepo.

Sisemi imeanguka. Haikuwepo. Pale liliposimama lile pori la miguu ya mbao palikuwa na majani tu na mfereji mrefu ulioshuka kwenda ziwani. Miaka kumi watu walikuwa wamechukua: reli zimekuwa mapaa ya nyumba, nguzo zimekuwa kuni. Kwa nini wasichukue? Mimi mwenyewe ningechukua. Lakini wakati ule nilikaa chini, na nawaambia bila haya, nililia. Mke wangu alikuwa ameegemea mti na macho amefumba. Nilikuwa nimempandisha kilima kwa ajili ya hewa tupu.

Mama hakukaa. Alikuwa anainua pua, kama mbwa.

"Mnasikia harufu?" akasema.

"Harufu ya nini, mama?"

"Mihogo imelowekwa. Iko mtu hapa."

Tukaifuata harufu ile mpaka kwenye kiwanja kimoja nyuma ya migomba. Bibi mmoja wa Kirundi, mzee sana, alikuwa amekaa peke yake anamenya mihogo, kana kwamba dunia haina habari. Alituangalia, akaangalia tumbo la mke wangu, akasema, "Amahoro." Tukajibu, "Amahoro, bibi."

Na nyuma yake, chini ya paa la jiko lake, lilikuwa behewa la baba yangu.

Magurudumu hayakuwepo. Pua yake iliyochongoka ilikuwa imeelekea ukutani. Limejaa maji meupe mpaka juu, na mihogo inaelea ndani. Yule bibi alikuwa amelifanya chombo cha kuvundikia mihogo, tangu wenzake walipokuwa wanagawana mbao.

Mama alipiga magoti, akaingiza mkono chini ya behewa, akapapasa, akautoa. Akanionyesha kiganja. Kilikuwa na vumbi. Vumbi kavu!

Miaka yote ile behewa lilikuwa halijakauka hata siku moja. Lilikuwa linakunywa. Kisichotoa maji nje hakiingizi maji ndani, hilo linajulikana hata kwa asiyeunda mtumbwi.

"Bibi," nikaanza, "hiki chombo..."

"Cha mihogo yangu," akasema upesi. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni.

"Aliyekiunda ni baba yangu."

"Aliyekijaza ni mimi."

Mama akanisukuma pembeni. Akakaa chini karibu na yule bibi, akachukua kisu cha pili, akaanza kumenya mihogo naye. Nilitaka kupiga kelele: magari yanapita huko chini, na wewe unamenya! Lakini walimenya. Baada ya muda mama akasema, "Dada, mkwe wangu hawezi kutembea. Tukiazima chombo chako, tutavuka."

"Mutavuka nacho ziwa? Hicho?" Yule bibi akaacha kumenya. Akacheka mpaka tukaona hana jino. "Mukizama, nani ataniletea?"

"Tukizama utatusamehe. Tusipozama utaletewa. Na hakitarudi kitupu."

Hapo akaacha kucheka. Kwetu na kwao hilo ni moja: ukiazima chombo cha mtu, ungo au sahani, hukirudishi kitupu. Utaweka hata ndizi moja. Aliangalia tena tumbo la mke wangu.

"Njoo nasi, bibi," nikasema. "Wanajeshi wanakuja."

"Na miguu ipi? Mihogo yangu nimwachie nani? Mimi nimeona Wadachi, nimeona Wabelgiji. Nendeni."

Tukatoa mihogo, tukamwaga maji. Yeye mwenyewe akachagua mihogo iliyomenywa, akaipanga mbele kwenye pua ya behewa. "Chombo changu hakitoki kitupu pia," akasema. Akatukabidhi kibuyu cha kuchotea maji na mwiko wake mkubwa wa kukorogea pombe. Mimi nikang'oa ubao mmoja wa kukalia, uwe kasia.

Tukangoja mvua ya alasiri, kwa sababu mvua ya Minago ikishuka mtu haoni mkono wake, na askari naye ni mtu. Ilipoanza tulivuta behewa mpaka kwenye ule mfereji ilikopita treni. Nilitandika makuti ya michikichi chini yake, nikalifunga kamba na kuizungusha kiunoni mwangu, nia yangu nilishushe polepole. Mke wangu na mama walishatangulia chini na kibuyu, mwiko na kasia, wanangoja upande wa pili wa barabara. Mbele yangu alikuwa yule bibi, ameshika mkia wa behewa kwa mikono yake miwili, eti anasaidia.

Udongo wa pale ni mwekundu, na ukilowa ni sabuni. Niliteleza. Kamba ikanitoka kiunoni na ngozi yangu nayo. Na behewa likaondoka.

Lilishuka peke yake kwenye njia yake ya zamani, bila reli, bila gurudumu, mihogo inaruka. Penye nundu likapaa, nikaona tena ule mwanga chini yake, kama siku ya Uhuru. Kutoka chini nikasikia mama yangu akipiga ukelele, ule ule. Likaivuka barabara mara moja kama mnyama, likaingia matete na kupotea.

Nilikimbia, nikaanguka, nikakimbia. Nilikuwa nina hakika nitakuta kuni. Nilikuta mama amesimama ndani ya maji mpaka kifuani, ameshika pua ya behewa kwa mikono miwili, na mdomo wake una rangi ya majivu. Behewa lilikuwa linaelea. Ndani hamna tone ila la mvua.

"Baba yako," mama akasema, meno yanagongana, "alikuwa mwendawazimu."

Ndio maneno mazuri kuliko yote niliyowahi kumsikia akisema juu ya marehemu.

Niligeuka kumpungia mkono yule bibi. Mvua ilikuwa imekifunika kilima.

Usiku ule wa ziwani siusimulii. Mama alichota maji ya mvua kwa kibuyu, mimi nilipiga ubao upande mmoja, mke wangu akapiga mwiko upande wa pili, tumbo magotini, na sote tulinuka mihogo iliyochacha. Kesho yake wavuvi wa Ubwari, upande wa Kongo, walituona wakasimamisha chombo chao. Mmoja akauliza, "Huu ni mtumbwi wa wapi?" Mama akajibu, "Wa mlimani." Wakadhani amechanganyikiwa. Wakatuvuta.

Mtoto alizaliwa Ubwari siku ya tano, wa kike. Leo ni bibi wa watu.

Niliishi ng'ambo miaka. Nilianza na behewa lile lile: nililivulia ndagala, nikapata nyavu, nikapata mtumbwi wa pili, wa tatu. Sikuomba mtu. Siku niliyorudi Burundi nikalifunga nyuma ya mtumbwi wangu mkubwa na kulivuta ziwa zima mpaka Minago, limejaa ndagala kavu mpaka juu. Nilitaka yule bibi anicheke tena.

Nilipanda kilima na vijana wanne wamelibeba. Kiwanja nilikijua kwa migomba tu. Jiko hapana. Nyumba hapana. Majani yalikuwa yamefika kiunoni. Nikauliza majirani, nao walikuwa wapya wote. "Bibi yupi?" wananiuliza mimi. Jina lake sikulijua. Katika mambo yote ya siku ile, sikuwahi kumuuliza. Nikasimama pale na samaki wa kutosha watu wote, na nimepigwa na butwaa kuliko siku niliyoikosa treni. Mwisho nikawagawia ndagala wale wale majirani wapya, maana sikuweza kushuka nazo. Behewa nilishuka nalo.

Watu wananiuliza kama kule kuzunguka kulistahili. Mke wangu hajajibu swali hilo hata mara moja, na namjua anayemfikiria: kaka yake, kwenye kona ya msikiti. Mimi nasema kulistahili. Nasema hivyo nikiwa nimekaa nyumbani kwangu, na binti yangu anapita uani.

Leo, nikiwa mzee, nina vitu hivi. Nyumba ya matofali ya kuchoma Rumonge, vyumba sita, bati jipya. Nyumba ya pili ya kupangisha. Mitumbwi mitano ya mbao na injini tatu. Shamba la michikichi chini ya Minago, na kinu cha kukamua mawese. Ng'ombe wawili. Baiskeli moja ambayo siipandi. Mwiko mmoja mkubwa wa pombe, nyumbani kwa Mwislamu, na asiyependa asije. Kibuyu kimepasuka.

Na behewa moja liko uani chini ya paa la jiko. Hilo si langu. Wanawake wa mtaa wanavundikia mihogo yao humo, na wakitoa ya huyu wanatia ya yule, kwa sababu nimewakataza kuliacha tupu.